Mwaka Ule Kompyuta ya Shule Ilipokataa Kutoa Picha

Tulimzika Moraa wiki mbili zilizopita, nyuma ya nyumba yake, pale migomba inapokutana na majani chai. Walioinuka kumsema walimsema vizuri: kwamba alikuwa mchapakazi, kwamba aliimba kanisani hata meno yalipoisha, kwamba hakuna mtoto aliyepita kwake akaondoka na njaa. Yote ni kweli. Mimi nilikaa viti vya mbele pamoja na dada zake, nimefunga leso kiunoni kama mtu wa nyumba, na mshereheshaji aliponiuliza kama nina neno nilitikisa kichwa. Neno nilikuwa nalo. Lakini halikuwa neno la kusemewa juu ya jeneza mbele ya watoto wake. Nimelileta hapa kwenye karatasi, katika daftari ambalo mjukuu wangu ameliacha nusu, na nitaliandika lilivyokuwa, bila kumpaka Moraa matope na bila kujipaka mimi asali.

Wengine wakiandika maisha yao huchagua mwaka wa ujana, mwaka wa kuposwa au wa kwenda mjini. Mimi mwaka ulionifinyanga ulinikuta na miaka hamsini na miwili, mjane, mwenye wajukuu wanne. Shule nilifika darasa la nne tu. Kiswahili hiki nilikipata Kisii mjini nikiwa msichana wa kazi kwa Mama Zuhura, Mwislamu mwenye duka la vitambaa, aliyenifundisha pilau na maneno kwa mwiko uleule, na nikikosea kimojawapo mwiko ulijua njia. Kwa hiyo nilipopata kazi ya kupika katika shule ya msingi upande wa Ikonge, nilikuwa mpishi aliyeweza kusema na wageni wa msaada bila kuita mwalimu wa kunitafsiria. Nilijivunia. Bado najivunia. Mtu asiyejivunia kazi yake apike kwake.

Jikoni tulikuwa wawili, mimi na Moraa. Jiko lilikuwa la mabati yaliyopigwa misumari bila haraka ya kuziba matundu, kwa hiyo moshi ulitoka na maneno ya nje yaliingia. Tulikaa kwenye magogo mawili tukichambua maharagwe na kusema watu. Saa nne tulikunywa chai ya walimu kabla ya walimu, tukala na ndizi za kuchemsha zilizokuwa bado zinatoa mvuke. Moraa alikuwa na binti, Kerubo, aliyekuwa darasa la nane kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza alishikwa na malaria wiki ya mtihani. Mara ya pili jina lake halikuonekana kwenye orodha na hakuna aliyejua lilipotea wapi. "Kuna mtu amemkalia huyu mtoto," Moraa alikuwa akisema huku akipepeta kwa ungo. Nikamuuliza, mtu gani? "Ningemjua, ningekuwa nimekaa hapa na wewe?" Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya kusindikiza maharagwe.

Ofisi ya mwalimu mkuu, Mwalimu Osoro, nilikuwa naifagia mimi. Chumba kidogo: kabati la chuma, vikombe viwili vya mpira wa miguu, meza, kiti, na dirisha moja lenye nondo linaloangalia uwanja. Ukikaa kwenye kiti, magoti yanagusa kabati. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta ya msaada. Haikuwa kama zile za saiba, duka la intaneti la sokoni. Ndani yake waliweka Linux, mfumo wa bure wa kuiendesha mashine, kwa sababu huo haumdai mtu leseni. Mwalimu alinifundisha jambo moja tu: nikimaliza kufagia nibonyeze kitufe, ili akifika aikute imeamka. Kila asubuhi kilio kidogo cha mashine, halafu picha ya mlima wenye theluji. Kwangu ilikuwa sawa na kuwasha jiko. Unabonyeza, unaenda zako.

Jumatatu moja nikabonyeza, mlima haukuja. Kioo kilibaki cheusi kama chini ya sufuria, halafu maandishi meupe yakaanza kuteremka, mstari kwa mstari, kwa mbio, kama siafu waliomwagiwa maji. Yakasimama. Chini kabisa kikabaki kijistari kimoja kinapepesa. Nikazima, nikawasha tena. Vilevile. Nilikuwa bado na kitambaa cha vumbi mkononi nilipohisi mtu nyuma yangu. Alikuwa Moraa, amesimama mlangoni na ndoo ya maji.

"Umefanya nini?"

"Nimefuta vumbi."

"Na majina ya watoto?"

Majina ya watahiniwa wote wa darasa la nane yalikuwa ndani ya mashine ile, na Ijumaa yalitakiwa kufika ofisi ya elimu Nyamira. Nilifungua mdomo nimwambie sijui, lakini Moraa alikuwa ameshaweka ndoo chini na kwenda. Aliiacha ndoo. Mwanamke wa kwetu haachi ndoo ya maji njiani hivihivi. 

Niseme jambo ambalo msomaji wa mbali huenda halijui. Kwetu, mjane anayeishi peke yake hahitaji kufanya kosa kubwa. Inatosha awe amesimama karibu na jambo lisiloeleweka. Neno lenyewe ni omorogi, mchawi, na likishatoka mdomoni halirudi. Mwaka uleule, ng'ambo ya bonde letu, mama mmoja alichomewa nyumba akiwa ndani. Nilimjua; tulikuwa tukipeana mbegu za wimbi. Moshi wake tuliuona tukichuma majani, tukaambiana kuna mtu anachoma makaa. Nimejiuliza mara nyingi kama nilijua ni nini nikajidanganya. Nadhani nilijua.

Jumanne Mwalimu Osoro alimwita kijana wa saiba. Alikaa, akasogeza kipanya huku na huku, akabonyeza hiki na kile, akatoa jasho. "Hii mimi sijawahi ona, Mwalimu," akasema. "Hii haina hata pa kubonyeza." Akaondoka bila kunywa chai aliyowekewa, na mimi ndiye niliyekuwa nimeimimina. Mchana nikatoa githeri, mahindi na maharagwe. Nilikuwa nimeitia kitunguu kingi na dania, maana mikono yangu ikiogopa huzidisha viungo. Watoto wakapita na sahani zao wakaenda kwa Moraa, mstari mzima, na sufuria yake ilipokwisha wakarudi darasani na njaa. Katoto kamoja ka darasa la pili, ambako kila siku kalinidai ukoko, kaliniambia bila ubaya wowote, "Mama amesema tusile yako." Nilisimama na upawa hewani. Githeri ile ikapoa, ikaganda, ikafanya ngozi juu. Nimepika maisha yangu yote na sijawahi kuona chakula kikikaa hivyo mbele za watu wenye njaa.

Alasiri, nikisugua sufuria, nikasikia wanawake wawili kwenye tangi la maji nyuma ya bati.

"Lakini huyu si ndiye alizika bwana na ng'ombe mwezi mmoja?"

"Na kuku wake hawafi. Umeona kuku wake wakifa?"

"Wewe, hata kideri kilipita hapa."

"Kikapita kwake na kofia mkononi!"

Wakacheka. Kicheko ndicho kilichoniogopesha. Watu wakikuchukia wanapiga kelele, lakini wakianza kukufanyia mzaha, ujue wameshakubaliana. Kuku wangu, kideri hakikuwaua kwa sababu niliwachanja, tena kwa dawa ya dukani, na Moraa aliishika chupa. Sikutoka kuwaambia. Nilikaa chini kati ya sufuria, nikashika magoti, nikagundua nimekuwa nikipumua kidogokidogo kama mtu aliyejificha.

Jumatano asubuhi wazazi waliitwa. Walijaa uwanjani mpaka kwenye ngazi ya ofisi, wanaume na bakora zao, wanawake wamefunga vichwa. Mwalimu Osoro alisema habari ya kuita fundi kutoka Kisii, hakuna aliyemsikiliza. Mzee mmoja wa kamati akainuka, akasema taratibu, kama anayeomba chumvi, "Aliyefunga ndiye afungue." Ndivyo ilivyo kwetu tangu zamani. Kitu kikifungwa na mkono wa mtu, mkono mwingine ukigusa unakiharibu zaidi. Lazima uitwe mkono uleule. "Afungue leo," akasema. "Asipoweza, tutajua la kufanya." Nilimtazama Mwalimu. Ana digrii, anavaa tai hata Jumapili ya kulima. Akaangalia viatu vyake.

Niliomba jambo moja, nimpigie simu omoko wangu. Omoko ni mkwe. Huyu ni Nyakundi, mume wa binti yangu Kemunto, anayetengeneza kompyuta Kisii mjini. Wakakubali, na akaja kwa pikipiki kabla ya saa tano. Sasa utauliza, kwa nini asiingie yeye akatengeneza, nami nikatoka? Kwanza, mkono wake haukuwa mkono uliotakiwa. Na pili, kuna chinsoni, ile heshima kati ya mama mkwe na mkwe wake. Hatupeani mikono. Hatutazamani usoni. Kusimama wawili ndani ya kile chumba, ambamo hata goti lina pa kugonga, lingekuwa jambo la aibu mbele ya kijiji kizima, na mwanamke asiye na aibu ndiye huyohuyo waliyekuwa wakimtafuta. Kwa hiyo Nyakundi akaenda kusimama nje ya dirisha, akaupa ukuta mgongo, uso kwenye uwanja. Mimi nikakaa kwenye kiti nikiwapa mgongo wote waliojaa mlangoni. Mbele yao alikuwa Moraa.

"Mama," Nyakundi akaita kwa sauti ya kawaida, kama tunaongea kuhusu mahindi. "Unasoma nini mwisho kabisa?"

Nikamsomea herufi moja moja. Kiingereza sikijui, lakini herufi nazijua. El, o, ji, ai, en.

"Vizuri. Hiyo inauliza wewe ni nani. Mashine iko hai, Mama. Ndani kuna mwenye maandishi na kuna mwenye picha. Mwenye picha amekataa kuamka, lakini mwenye maandishi yuko macho, anakungoja. Andika shule, ndilo jina Mwalimu alilonipa."

Nikatafuta esi. Herufi za kompyuta zimetawanywa kama kuku. Nikaandika, nikabonyeza kile kitufe kikubwa cha pembeni. Ikaomba neno la siri. Mwalimu Osoro alikuwa ameniandikia kwenye kipande cha boksi la chaki. Nikabonyeza herufi ya kwanza. Hakuna kitu. Ya pili. Hakuna. Kijistari kilikaa palepale kikipepesa. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi.

"Mnaona?" Moraa akasema nyuma yangu. Sauti ilikuwa inamtetemeka. "Haiandiki kwake. Inakataa mkono wake."

Mlangoni watu wakasogea. Nikasikia bakora ikigonga saruji. Sikuweza kugeuka, na Nyakundi, kwa heshima yake, hakugeuka. Alikuwa anaangalia nyasi za uwanja wakati mimi nakufa. Jasho likanishuka mpaka kwenye kiuno. Nilitaka kumuuliza, lakini kumpigia mkwe kelele sijawahi. Mwisho nikasema, "Omoko, nabonyeza na hakuna kinachoonekana."

"Aa! Nisamehe, Mama!" Nilimsikia akipiga paji lake la uso. "Neno la siri halionekani. Ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Hata mimi. Inaandika, inaficha tu. Maliza, bonyeza."

Nikamaliza, nikabonyeza. Mistari ikaja. Akaniambia niandike herufi mbili, el na esi, niache nafasi, kisha jina la kabati wanamoweka kazi za shule. Orodha ikashuka, na katikati nikasoma kwa sauti neno ambalo hata darasa la nne linalijua: watahiniwa. Nikaweka kidole juu yake. "Moraa, soma." Alisoma bila sauti, midomo tu.

"Majina yapo," Nyakundi akasema dirishani. "Hayajaguswa. Sasa tumwamshe mwenye picha. Andika startx." Akanipa herufi zake. Maandishi meupe yakakimbia tena, yakasimama, nikamsomea yale ya chini, no screens found. "Inasema haioni kioo," akasema. "Mama, kuna mtu amebadilisha kioo? Hicho chenyewe, cha kutazamia?"

Nikakitazama. Kumbe kilikuwa chembamba. Cha zamani kilikuwa na kisogo kikubwa kama cha ndama. Nilikuwa nimekifuta Jumatatu na sikuona, kwa sababu nafuta vumbi, sitazami vioo. Kila mtu akangoja, na Mwalimu Osoro akakohoa. "Nilileta hicho Ijumaa," akasema. "Jioni. Nikazima, nikachomeka." Siku tatu alikuwa amekaa na hilo mdomoni, huku githeri yangu ikiganda.

"Basi ndiyo hivyo," Nyakundi akasema. "Ndani kuna karatasi inayomwambia mwenye picha atumie kioo cha zamani. Anakitafuta, hakioni, anaketi chini. Tuiondoe hiyo karatasi tu." Akanipa mstari mrefu, wenye neno la kuomba ruhusa mbele, mistari iliyoegemea, na /etc/X11/xorg.conf, kisha jina lilelile tena na .zamani mwishoni. Nikaandika eksi ndogo. Mashine ikaomba neno la siri, nikaliandika gizani bila kuogopa, ikanijibu haioni kitu kama hicho. Nikarudia, eksi kubwa.  Ikanyamaza. Nyakundi akasema kunyamaza ni kukubali. "Sasa startx, Mama, na tumemaliza."

Niliandika herufi zote sita. Kidole changu kilikuwa juu ya kile kitufe kikubwa kiliposimama chenyewe. Niliona jambo lililokuwa limekaa mbele yangu tangu asubuhi. Aliyefunga ndiye afungue. Nikifungua, basi nilifunga. Mlima ule ukitokea chini ya kidole changu, watafurahi, watoto watafanya mtihani, na mimi nitakuwa omorogi aliyethibitishwa, aliyefungua mbele ya mashahidi. Mambo ya kioo na karatasi yangekuwa yamesahaulika kabla hawajafika barabarani. Maelezo ya fundi hayamsaidii mjane. Nikashusha mkono. Nikajisikia baridi, pale kwenye joto la watu wote wale.

"Moraa," nikasema. "Njoo ubonyeze."

"Mimi? Hapana."

"Mtoto ni wako. Bonyeza."

Nikainuka, nikabanana na kabati nimpe njia. Alikuja kama mtu anayepita kwenye utelezi. Alimfikiria Kerubo, nadhani. Hakuna kingine kingeweza kumsogeza. Akatoa kidole kimoja, akafumba macho, akabonyeza. Kioo kikawa cheusi kabisa. Halafu mlima ukaja, na theluji yake, mkubwa kuliko tulivyouzoea.

Hakuna aliyeshangilia. Nilingoja vigelegele, na badala yake nikaona macho yote mlangoni yakihama kutoka kwangu, polepole, yakatua kwa Moraa. Mwanamke mmoja akasema kwa chini, "Kumbe." Mwingine, "Na yeye ndiye wa kwanza kuiona Jumatatu." Moraa alikuwa bado amenyoosha kidole. Akanigeukia, na uso wake ulikuwa uso wangu wa siku tatu. Sitaficha: kwa muda wa pumzi moja nilifurahi. Nilitaka aonje. Nilifikiria sufuria yake ikiganda. Halafu nikafikiria ule moshi wa ng'ambo ya bonde, na jinsi tulivyoendelea kuchuma.

"Omoko," nikaita, "naizimaje hii picha, ule weusi urudi?"

"Mama? Si imekuja?"

"Imekuja. Niambie naizimaje."

Akaniambia. Nikaizima. Watu wakapiga kelele, na mzee wa kamati akauliza kama nina wazimu. Nikamshika mkono wa koti, mimi, mpishi, nikamwingiza ndani mpaka kwenye kiti. Nikamwandikia startx. "Bonyeza, mzee." Akakataa. "Unaogopa nini, kama hukufunga?" Hapo mtu akacheka, kicheko cha kweli, na mzee akabonyeza. Mlima. Nikazima. Nikamwita Mwalimu Osoro na tai yake. Mlima. Nikamwita yule aliyesema kumbe, akaja akivuta leso kichwani. Mlima. Nilizima na kuwasha tena na tena, nikiwatoa mmoja mmoja kwenye mstari kama ninavyotoa chakula, hakuna aliyenipita, na kila aliyetoka alitoka akikiangalia kidole chake. Kengele ya chakula ilipogongwa, Moraa alikuwa amesimama kando yangu akiwaita kwa majina wale waliojificha nyuma, "Na wewe! Njoo! Wewe pia!", huku machozi yanamtiririka na hayafuti.